Mgonjwa mmoja, magonjwa sugu manne: utumie kipimo kipi?

Ukitaka kujua ni wagonjwa wangapi wa kliniki yako wanaishi na zaidi ya ugonjwa sugu mmoja, jibu utakalopata linategemea sana kipimo ulichochagua kabla hujafungua faili la kwanza. Mgonjwa yuleyule anaweza kupata alama saba kwa kipimo kimoja, nne kwa kingine, na chini ya sifuri kwa cha tatu. Sitii chumvi, hesabu yenyewe nimeiweka hapa chini. Ninaandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeandaa tasnifu ya afya ya jamii, mganga mfawidhi anayetaka kupanga upya siku za kliniki, na mtu wa takwimu anayeombwa "idadi ya wagonjwa wenye magonjwa mengi" bila kuambiwa magonjwa gani wala ni kwa ajili ya nini.

Kabla ya kipimo, amua unahesabu nini

Kuna mitazamo miwili, na watu huichanganya mara kwa mara. Wa kwanza uliwekwa na daktari Alvan Feinstein wa Marekani mwaka 1970. Kwake kuna ugonjwa mkuu unaofuatiliwa, na kila ugonjwa mwingine alionao mgonjwa unahesabiwa kama nyongeza juu ya ule mkuu. Mtazamo wa pili ulipata umbo mwaka 1996 kwa kazi ya Marjan van den Akker na wenzake wa Uholanzi: mtu ana magonjwa mawili au zaidi kwa wakati mmoja, na hakuna ulio mkuu. Hapa nitauita mrundikano wa magonjwa sugu.

Tofauti hiyo inabadilisha namba. Ukiwa kwenye kliniki ya VVU, yaani CTC kwa Tanzania au CCC kwa Kenya, mtazamo wa kwanza hukujia wenyewe. Wagonjwa wote wana VVU, kwa hiyo unauliza ni wangapi wana kitu cha ziada, na mwenye VVU na presha anahesabiwa kuwa na ugonjwa mmoja wa nyongeza. Kwenye zahanati au kituo cha afya kinachopokea kila mtu, mtu huyohuyo ana magonjwa mawili na anaingia kwenye mrundikano. Ukilinganisha ripoti za sehemu hizo mbili bila kuangalia jambo hili, utadhani kuna tofauti ya wagonjwa wakati kilichopo ni tofauti ya kuhesabu.

Swali linalofuata ni kikomo: magonjwa mawili au matatu? Tafiti nyingi hutumia mawili au zaidi. Kwa wazee kikomo hicho huwachota karibu wote, kisha hakikusaidii kujua nani anahitaji muda mrefu zaidi na daktari. Martin Fortin na wenzake wa Kanada walipendekeza mwaka 2012 kwamba orodha iwe na angalau magonjwa 12 yaliyo mengi katika jamii husika, na matokeo yatolewe kwa vikomo vyote viwili. Nakubaliana nao kabisa. Kutoa namba mbili badala ya moja hakugharimu chochote.

Halafu kuna muda. Ugonjwa uwe umedumu miezi mingapi ndipo uitwe sugu? Marekani, wizara ya afya ilichukua mwaka mmoja au zaidi, pamoja na sharti kwamba ugonjwa unahitaji matibabu endelevu au unamzuia mtu kufanya shughuli zake. Wengine huchukua miezi mitatu au sita. Kwetu jambo hili linagusa kifua kikuu moja kwa moja. Dozi ya kawaida ni miezi sita, kwa hiyo chini ya kigezo cha mwaka kifua kikuu kinatoka kwenye hesabu. Lakini mapafu yaliyoachwa na makovu baada ya kupona hayatoki, na mtu anayehema kwa shida miaka kumi baada ya kumaliza dozi ana ugonjwa sugu hata kama kadi yake imeandikwa "amepona". Andika kigezo chako, na uandike makovu ya mapafu kama ugonjwa unaojitegemea.

Orodha ndiyo inayoamua zaidi

Nikilazimika kuchagua jambo moja tu la kumsisitizia msomaji, ni hili. Mwaka 2021 Iris Ho na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 566 kuhusu mrundikano wa magonjwa. Idadi ya magonjwa yaliyohesabiwa ilianzia mawili katika utafiti mmoja hadi 285 katika mwingine, na wastani wa kati ulikuwa 17. Hebu fikiri maana yake: utafiti unaotafuta magonjwa mawili na unaotafuta 285 unatoa asilimia yenye jina lilelile, na wasomaji wanaziweka kwenye jedwali moja.

Orodha inayonukuliwa sana ni ya Scotland. Mwaka 2012 Karen Barnett na wenzake walitumia kumbukumbu za wagonjwa 1,751,841 kutoka kliniki 314 na kuhesabu magonjwa 40. Walipata asilimia 23.2 wenye magonjwa mawili au zaidi, na wakaonyesha kwamba katika maeneo maskini zaidi mrundikano huanza miaka 10 hadi 15 mapema kuliko katika maeneo ya wenye nacho. Ni kazi kubwa, na hilo la umaskini linapaswa kusomwa na kila mpangaji wa afya. Lakini katika yale magonjwa 40, VVU havimo. Selimundu haimo. Homa ya ini ya virusi imo, kufunga choo kwa muda mrefu kumo, na sinasi sugu imo. Kwa Scotland ni sawa, maana orodha ilitengenezwa kwa wagonjwa wa pale. Tatizo ni mtu wa Mbeya au Kisumu anayeichukua ilivyo kwa sababu imechapishwa kwenye jarida kubwa. Atakuwa ameufuta ugonjwa sugu unaotibiwa kwa wingi kuliko karibu mwingine wowote katika kliniki zake.

Mwaka 2022 Ho na wenzake walikusanya maoni ya wataalamu na wagonjwa wakaafikiana juu ya magonjwa 24 ya kuhesabiwa daima na mengine 35 ya kuhesabiwa mara nyingi. Anzia hapo, kisha ongeza ya kwenu. Kwa Afrika Mashariki sitakubali orodha isiyo na presha, kisukari, VVU, sonona, kifafa, selimundu, pumu, figo sugu, kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, saratani, homa ya ini na makovu ya mapafu baada ya kifua kikuu.

Presha ina ubishi wake. Wapo wanaosema ni kihatarishi tu wala si ugonjwa. Kwa kuwa imeenea mno, kuitia au kuitoa kunaweza kupandisha au kushusha asilimia yako kuliko magonjwa mengine kumi yakiwekwa pamoja. Mimi naitia, kwa sababu mgonjwa anameza vidonge kila siku na kupanga foleni ya kliniki kwa ajili yake. Ila toa matokeo mara mbili, na presha na bila presha.

Vipimo kwa mgonjwa mmoja

Tumchukue mgonjwa wa kubuni: mama wa miaka 58, ana presha, kisukari ambacho bado hakijaleta madhara, VVU vilivyodhibitiwa kwa dawa, na sonona. Hivi ndivyo vipimo vinavyomwona:

| Kipimo | Alama zake |
|---|---|
| Idadi kwa orodha ya kwenu | 4 |
| Idadi kwa orodha ya Scotland | 3 |
| Charlson, uzito wa 1987 | 1 au 7 |
| Charlson, uzito wa 2011 | 0 au 4 |
| Elixhauser, kuhesabu tu | 3 au 4 |
| Elixhauser, uzito wa 2009 | −3 |

Kila mstari una sababu yake, na sababu hizo ndizo zitakazokusaidia kuchagua.

*Charlson.* Mary Charlson na wenzake walikitengeneza mwaka 1987 kwa wagonjwa 559 waliolazwa katika hospitali moja jijini New York, wakakijaribu kwa wagonjwa 685 wa saratani ya matiti. Lengo lilikuwa kutabiri nani atafariki. Kila ugonjwa ulipewa uzito wa 1, 2, 3 au 6. Saratani iliyosambaa ilipewa 6, na UKIMWI vilevile 6. Mwaka huo ndio dawa ya kwanza ya kupunguza makali, AZT, iliidhinishwa Marekani, kwa hiyo uzito ule ulisema kweli kwa wakati wake. Leo mwenye VVU anayemeza kidonge kimoja kwa siku na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo anawekwa sawa na mwenye saratani iliyosambaa. Kwa upande mwingine, presha haimo kabisa. Sonona haimo. Kifafa hakimo.

Ile "1 au 7" inatokana na msimbo. Kwa misimbo ya ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, inayotumiwa na wengi, karani akiandika B24, yaani ugonjwa wa VVU usiofafanuliwa, programu inampa mama huyu alama 6 juu ya moja ya kisukari. Akiandika Z21, yaani mwenye maambukizi asiye na dalili, anapata ile moja ya kisukari peke yake. Mgonjwa ni yuleyule, siku ni ileile, na uamuzi umefanywa na mtu aliyekuwa anaharakisha foleni. Hude Quan na wenzake walirekebisha uzito mwaka 2011: VVU na UKIMWI vikashuka hadi 4, kisukari kisicho na madhara kikawa 0. Ni afadhali, lakini ile pengo ya msimbo imebaki.

Charlson kinafaa wapi? Katika kulinganisha vifo vya wagonjwa waliolazwa, hasa pale unapotaka matokeo yako yasomwe kando ya tafiti za nje. Ukikitumia hapa kwetu, mpe VVU safu yake pekee na umtenganishe mwenye virusi vilivyodhibitiwa na asiye na tiba. Usikitumie kupanga kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, maana hakioni presha.

*Elixhauser.* Kilitoka mwaka 1998, kwa kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa California. Kina makundi 30, na humo mna presha, sonona, unene uliozidi, upungufu wa damu, ulevi na VVU. Kwa upana huo kinatufaa kuliko Charlson. Uzuri wake mwingine, ambao watu huusahau, ni kwamba mwanzoni hakikuwa na jumla: kila kundi lilibaki peke yake kwenye hesabu. Ni baadaye, mwaka 2009, ndipo van Walraven na wenzake walipotumia kumbukumbu za hospitali ya Ottawa kuyapa makundi uzito wa kutabiri kifo wodini. Hapo presha ikapata 0, kisukari 0, VVU 0, na sonona −3.

Alama hasi haina maana kwamba sonona inamlinda mtu asife. Aliyelazwa kwa hali mbaya kabisa huandikiwa kile kinachomuua, na mambo kama sonona huachwa. Aliye na nafuu ndiye anayepata nafasi ya kuandikiwa kila kitu. Uzito ule unapima uandishi wa mafaili kama unavyopima mwili. Kwa takwimu za wodini zenye misimbo kamili, tumia Elixhauser kwa makundi yaliyotenganishwa. Jumla yenye uzito wa Ottawa usiipeleke kwenye kliniki ya nje.

*CIRS.* Hiki kina umri mkubwa kuliko vyote hapa, kilitoka mwaka 1968, na toleo la wazee likaja 1992. Hakihesabu majina ya magonjwa. Kinapita mfumo mmoja mmoja wa mwili, moyo, mishipa ya damu, mapafu, figo, akili na mingineyo, mifumo 14 katika toleo la wazee, na kila mmoja unapewa 0 hadi 4 kwa ukali. Presha au kisukari kinachohitaji dawa za kila siku kwa kawaida hupata 2. Kinamtenganisha mwenye kisukari cha kawaida na aliyekwisha kukatwa mguu, jambo ambalo idadi tupu haiwezi. Gharama yake ni muda wa daktari au tabibu anayelijua faili, na mafunzo ili watathmini wawili wasitofautiane. Kwa VVU, wakubaliane kabla ya kuanza wataviweka kwenye mfumo upi. Pia magonjwa mawili ya mfumo mmoja humezana, kwa sababu unapewa alama ule mkali tu. Kwa wodi ya wazee au utafiti wa watu mia mbili, ninakipenda. Kwa wilaya nzima hakiwezekani.

*Dawa.* Mwaka 1992 Michael Von Korff na wenzake wa Seattle walipima mzigo wa magonjwa kwa rekodi za famasi. Huko Uingereza, utafiti wa Brilleman na Salisbury wa 2013 ulionyesha kwamba idadi ya dawa alizoandikiwa mgonjwa ilitabiri mahudhurio yake ya baadaye vizuri zaidi kuliko vipimo vingine walivyovilinganisha. Inavutia, na kwa ARV inafanya kazi vizuri hata kwetu kwa sababu zinatolewa na kuandikwa kliniki. Kwa mengine tahadhari. Mgonjwa akikosa dawa ya presha kituoni ananunua duka la dawa la mtaani, na rekodi yako inamwona hana presha. Asiye na fedha anaacha kununua, naye anaonekana amepona. Na amitriptilini inaweza kuwa ya sonona, au ya ganzi na maumivu ya miguu ya mwenye kisukari.

*Kumuuliza mwenyewe.* "Je, umewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kwamba una…?" Ni rahisi na kunafika kijijini. Lakini anayejibu hapana huenda hajawahi kupimwa. Katika utafiti wa kitaifa wa STEPS wa Kenya mwaka 2015, asilimia 56 ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha. Kwa hali hiyo maswali peke yake yanapima ukaribu wa mtu na kituo cha afya: mwenye bima na gari ataonekana mgonjwa zaidi ya mkulima. Ukiuliza, nenda pia na mashine ya presha na kipima sukari.

MTUHA peke yake haitoshi

Kwa wale wa Tanzania wenye MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, na wenzetu wa Kenya wenye mfumo wao wa KHIS: ripoti za mwezi hazitoi mrundikano. Zinajumlisha utambuzi wa magonjwa, hazijumlishi watu. Mama wetu anakuwa alama moja kwenye presha, nyingine kwenye kisukari, nyingine kwenye afya ya akili, na taarifa zake za VVU ziko kwenye mfumo mwingine kabisa. Hakuna hesabu ya kurudisha vipande hivyo kuwa mtu mmoja. Lazima ufike kwenye faili, kadi, au mfumo wa kielektroniki wenye namba ya mgonjwa. Inauma, kwa sababu mgonjwa anayebeba kadi tatu ndiye hasa tunayemtafuta, na ndiye anayepotea.

Sasa uchague

Kama swali lako ni *wangapi*, hesabu majina kwa orodha ya wazi, kwa vikomo vya mawili na matatu. Mapitio ya Huntley na wenzake ya 2012 kuhusu huduma za msingi yalionyesha kwamba kuhesabu tu, magonjwa au dawa, hukaribia sana vipimo vyenye uzito. Usione haya kutumia njia nyepesi kwa kuogopa kwamba msimamizi wako atataka jina kubwa. Mwonyeshe jedwali la hapo juu.

Kama swali ni *nani atafariki wodini*, tumia Elixhauser kwa makundi, au Charlson wa 2011 huku VVU ukivishughulikia kando.

Kama swali ni *ukali*, na una tabibu mwenye muda, CIRS.

Kama swali ni *maisha yanamwendeaje*, hakuna hata kimoja cha vile vya juu kitakachojibu. Tumia kile cha Elizabeth Bayliss wa Marekani, cha 2005: kwa kila ugonjwa alionao, mgonjwa mwenyewe anasema unamzuia kiasi gani katika shughuli zake, kutoka 1 hadi 5. Kipo pia cha mzigo wa matibabu cha Uingereza chenye maswali 10, cha 2018, kinachouliza kuhusu kumeza dawa nyingi, kupanga miadi, na kuhangaika kati ya wahudumu mbalimbali. Mtu anayekuja Jumanne CTC, Alhamisi kliniki ya kisukari, na wiki inayofuata kwa presha, akilipa nauli kila mara na kufunga genge kila mara, ana mzigo usioonekana kwenye Charlson wala Elixhauser. Maswali hayo yafasiriwe vizuri na kujaribiwa kwa wagonjwa wenyewe kwanza.

Kama swali ni *tuunganishe kliniki au la*, huenda huhitaji alama yoyote. Utafiti wa INTE-AFRICA wa Tanzania na Uganda, uliochapishwa mwaka 2023, uliweka VVU, kisukari na presha kliniki moja katika nusu ya vituo 32 na kulinganisha na vituo vingine. Waliangalia magonjwa matatu yenye majina, wakauliza wagonjwa wangapi wamebaki kwenye huduma na kama virusi vimeendelea kudhibitiwa. Udhibiti wa virusi haukushuka. Hakuna uzito wala jumla iliyohitajika kuonyesha hilo.

Vyovyote utakavyochagua, usihifadhi jumla peke yake. Weka safu moja kwa kila ugonjwa, tarehe ulipogunduliwa, umejulikanaje (faili, dawa, kipimo au maneno ya mgonjwa), na kwa VVU, hali ya tiba na kiwango cha virusi. Tofautisha "hana" na "hajapimwa". Visanduku hivyo viwili visiwe kimoja hata kidogo. Mwaka wowote ujao mtu akileta uzito uliotengenezwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, ataweza kuhesabu upya wagonjwa wako wote bila kufungua faili hata moja.